Jumatano za Heike

Juzi kwenye metro mwanamume mmoja alikuja kusimama karibu nami, koti lake likinuka chuma kilichotoka kusagwa, na hapo hapo nikamchukia. Hakunifanyia lolote. Alikuwa ameshika bomba kama sisi wote, mkoba wake wa kazi miguuni, macho mekundu kwa uchovu. Lakini harufu ile ya chuma cha moto na mafuta ya mashine ilinirudisha nyuma kabla sijajizuia, nikajikuta nimekunja uso kama mtoto aliyenyang'anywa kitu. Nilishuka vituo viwili kabla ya kwangu, nikamalizia safari kwa miguu.

Mimi ni mtu wa wivu. Nalisema mapema ili tusipotezeane muda. Wenzangu niliokua nao Anderlecht, hapa Brussels, wakikumbuka utoto wanakumbuka baridi, lifti zisizofanya kazi, maandazi ya baada ya ibada. Mimi nakumbuka nilimwonea nani wivu na kwa muda gani. Aliyenitesa kuliko wote ni mwanamke mmoja Mjerumani aliyetengeneza sanamu zinazocheza na upepo. Kama unasoma magazeti ya hapa, huenda umeona picha yake, nywele fupi nyeupe na mikono ndani ya mifuko ya ovaroli. Hapa nitamwita Heike tu.

Lazima nianze na Papa. Kabla hatujakimbia, Papa alikuwa fundi mizani Bukavu, mashariki mwa Kongo. Ni kazi ambayo watu wa huku ukiwaambia wanadhani unawatania. Wafanyabiashara wa kahawa, wa maharagwe, hata wa dhahabu, walimletea mizani iliyoanza kudanganya, naye akairudishia ukweli wake. Alifumba macho, akaweka kidole chini ya mkono wa mizani, akaongeza kipande cha bati huku, akapunguza kule, mpaka mizani ikatulia. Ikitulia alisema neno moja: "Imekaa." Mteja alikuwa haruhusiwi kuongea mpaka alisikie neno hilo.

Ubelgiji haukuwa na haja na fundi mizani. Mizani za huku zina betri. Kwa hiyo Papa alisafisha ofisi kwenye yale majengo marefu karibu na stesheni ya Gare du Nord, akiondoka kabla hatujaamka na kurudi saa sita mchana. Maman alihudumia wazee kwenye nyumba ya wazee na kurudi jioni. Na kwa kuwa Jumatano shule za hapa hufungwa mchana, siku hiyo ilikuwa yangu mimi na Papa, nusu nzima, bila mshirika.

Alinisubiri langoni pa shule, mikono nyuma, amevaa kofia yake ya sufi. Aliniita Mama, kwa sababu nilirithi jina la mama yake, na wenzangu wa darasani walicheka mpaka wakazoea. Tukifika nyumbani alichukua henga ya nguo, akafunga vikopo viwili vya yoghurt kwa uzi, na tukapima vitu. Ufutio wangu na maharagwe manne. Ufunguo wa nyumba na soksi. Nilitakiwa kukisia kabla hajaachilia, na nikipatia, alinitazama kwa namna ambayo hakumtazama mtu mwingine yeyote, hata Maman. Mtoto mwenye akili timamu angejua kwamba mambo kama hayo hayadumu, lakini mimi nilidhani Jumatano zimeumbwa hivyo.

Nilipokuwa na miaka minane hivi, tulikuwa tunapita nyuma ya jengo letu, penye maghala ya zamani, tukakuta mlango mmoja mkubwa wa chuma uko wazi. Ndani, dari lilikuwa juu kama la kanisa, na katikati kulining'inia fimbo ndefu ya chuma iliyoyumba kama mlevi. Juu ya ngazi mwanamke alikuwa anaitukana kwa lugha nisiyoijua. Papa akasimama. Nikamvuta mkono, hakuvutika. Papa huyu ambaye nyumbani anabisha hodi hata kwenye choo chetu wenyewe, aliingia mle bila kukaribishwa, akasema kwa Kifaransa chake cha Bukavu, "Samahani Madame, upande wako wa kushoto unadanganya."

Heike alimtazama kama mtu anayemtazama mwizi. Papa hakujali. Aliweka kidole chini ya fimbo, akafumba macho, akaomba nati moja ndogo kwa kuonyesha tu kwa vidole. Baada ya kama robo saa fimbo ile ikaanza kuzunguka polepole, bila kitu chochote kuigusa, kwa hewa tu iliyoingia mlangoni. Heike alishuka ngazi na kwenda kupika kahawa. Mimi nilipewa maji kwenye kikombe kilichonuka rangi, na Jumatano yangu ya kwanza ikaishia pale.

Wakati ule Heike hakuwa mtu wa kuandikwa magazetini. Alikuwa amejifunza kukereza chuma kwenye karakana ya baba yake, huko Ujerumani kwenye mji wa viwanda, kisha akaenda kusomea sanaa akiwa amechelewa. Kazi zake za mwanzo zilikuwa za magurudumu ya baiskeli na mota za feni, na yeye mwenyewe alizicheka: zilipiga kelele mpaka watu wakatoka ukumbini. Ndipo akaachana na mota. Alitaka kutengeneza vitu vizito vinavyotembea kwa pumzi tu. Alihamia Brussels kwa sababu ya lile dari refu la ghala. Alikuwa na miaka arobaini na kitu, hana mtoto, hana mume, na kila alichokitengeneza kiliyumba, mpaka alipokutana na Papa.

Alimchukua kwanza kwa mchana, baadaye kwa siku nzima. Papa akaaga ofisi za Gare du Nord. Maman alifurahi, kwa sababu kwa mara ya kwanza tangu tufike huku Papa alirudi nyumbani akipiga mluzi. Mimi roho iliniuma, na sikujua nimwambie nani.

Jumatano sasa nilizimaliza ndani ya ghala, nimekaa juu ya ndoo ya rangi iliyopinduliwa, daftari la hesabu magotini. Kazi waliyokuwa nayo ilikuwa kubwa kuliko zote alizowahi kuzijaribu Heike: fimbo mbili za chuma kisichoshika kutu, kila moja ndefu kuliko watu watatu waliolala, zimeegemea nguzo moja. Zilitakiwa zizunguke kinyume na kupishana kwa upana wa kidole bila kugusana kamwe. Kwenye mkia wa kila fimbo kulikuwa na kisanduku kidogo chenye kifuniko cha kuzungusha, na humo Papa alitia nati ndogo ndogo, zile alizoziita écrou, mpaka uzito ukae sawa.

Wakipima, hakuna kuongea. Hakuna kutembea haraka, hakuna kufungua mlango. Siku moja nilikuwa na mafua, na Papa akaniambia bila kunigeukia, "Mama, pumulia huku, si kule. Unatikisa kintu." Nilizuia pumzi mpaka machozi yakanitoka, naye hakuona. Yeye na Heike walisimama bega kwa bega, nyuso zimeinuka, wakitazama chuma. Papa akasema, "Bado." Heike naye akasema, "Bado." Alikuwa amejifunza bado, na polepole, na imekaa, na Papa alimsifu kwa kila neno kama vile ameshinda mtihani. Mimi nilikuwa naongea lugha hiyo tangu kuzaliwa na sikuwahi kusifiwa na mtu.

Jambo moja tu waligombania. Heike aliandika kila kitu kwenye daftari la miraba, unene wa chuma, joto la siku, kila kitu. Alitaka Papa aandike ametia nati ngapi kwenye kila kisanduku. Papa akakataa kwa kutabasamu. Alimweleza kwamba fundi mizani hahesabu. Akihesabu ataanza kuamini hesabu na kuacha kuamini kidole. Heike alilalamika kwa majuma kadhaa, kisha akaacha ule ukurasa wazi.

Sasa nifike kwenye firigisi. Nyumbani kwetu kuku aliliwa Jumapili, na firigisi ilikuwa ya Papa, kama ilivyokuwa ya baba yake kule Kivu. Wanawake hawaigusi, wala watoto. Lakini Papa, kila Jumapili, Maman akienda jikoni kuleta chumvi, aliikata vipande viwili na kunitupia kimoja sahanini. Maman alijua. Alikawia na chumvi kwa makusudi. Sikuwa napenda sana ladha yake, ni ngumu na inateleza kwenye meno, lakini niliitafuna taratibu nikiwahurumia watoto wengine wote wa jengo letu.

Jumapili moja Papa akamwalika Heike. Alikuja na maua na kitabu cha picha kwa ajili yangu, amevaa shati lililopigwa pasi, na kucha zake bado zilikuwa nyeusi. Maman alipakua. Papa akachukua firigisi kwa uma, nzima, hakuikata, akaiweka kwenye sahani ya Heike.

Heike aliitazama, akatutazama, akaelewa kwamba amepewa kitu kikubwa, akaimeza karibu bila kutafuna na kunywa maji glasi nzima. Papa akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Mimi nilisikia masikio yakipiga kelele. Nilijua kanuni ya nyumba yetu: firigisi ni ya mwenye nyumba. Kama Papa amempa Heike, basi amempa nyumba. Nilimwangalia Maman nikitegemea atasimama, atasema kitu, lakini alikuwa anamwongezea Heike mchuzi.

Aliponiona sijala akaniambia, "Weye mutoto, unanuna juu ya nini? Kula, chakula iko napoa."

"Huyu atalala wapi?" nikauliza.

"Nani?"

"Huyu Madame."

Maman akacheka, akamtupia Papa jicho, Papa naye akacheka, na Heike akacheka kwa sababu wote wanacheka. Kicheko kile kilinithibitishia kila kitu. Usiku huo nilihamishia mto wangu chini ya kitanda, nisije nikanyang'anywa na huo pia. Juma zima nilisikiliza lifti nikingoja sanduku la Heike. Miaka mingi baadaye Maman alinieleza kwamba firigisi ile ilikuwa heshima kwa mtu aliyempa Papa kazi ya mikono yake katika nchi ambayo haikuitaka, na kwamba Papa alifikiria jambo hilo siku tatu kabla ya kuamua. Ningeelezwa siku ile ile, pengine ningekuwa mtu mwingine. Pengine si kweli. Mwenye kijicho hakosi sababu.

Jumatano iliyofuata kazi ilikuwa imekamilika. Papa alikuwa amesema "imekaa" asubuhi, na fimbo zile mbili zilikuwa zimeshushwa, zimelazwa juu ya mablanketi, tayari kupelekwa kwenye jumba la maonyesho katikati ya mji. Siku ya ufunguzi walitarajiwa watu wa kutoka Ujerumani, wanaotafuta sanamu ya kusimamisha mbele ya jengo lao jipya. Papa na Heike walitoka nje kumwelekeza dereva wa lori. Nilikuwa peke yangu na fimbo.

Nilifungua kisanduku cha fimbo ya kushoto. Kifuniko kilizunguka kirahisi, Papa alikuwa amekipaka grisi. Nati zilikuwa ndani, zimelala kama mayai ya mjusi. Nilichukua moja, ndogo, nikafunga. Haikuchukua hata muda wa kuhesabu mpaka kumi. Nilifikiri hivi, na nakumbuka vizuri: chuma kitayumba, Heike atakasirika, atamfukuza Papa, na Papa atarudi. Jioni, tukienda kununua mkate ng'ambo ya mfereji, nilimwambia Papa kamba ya kiatu imefunguka, nikabaki nyuma kwenye daraja la mfereji, nikaitupa nati majini. Haikupiga hata kelele. Kisha nikakimbia kumshika mkono.

Jumamosi tulivaa nguo za kanisani tukaenda kwenye maonyesho. Papa alivaa tai. Kulikuwa na watu wengi wenye glasi mkononi, na Heike, amevaa koti jeusi, alimshika Papa kiwiko na kumzungusha kwa kila mtu akisema jina lake lote, majina yote matatu, bila kukosea. Kisha wakafungua madirisha ya juu, hewa ikaingia, na fimbo zikaanza.

Mara ya kwanza zilipishana. Watu wakaacha kupumua, ndivyo kazi ile ilivyofanya kwa watu. Mara ya pili zikapishana. Mara ya tatu ncha ya kushoto ilishuka kidogo sana, nadhani hakuna aliyeona isipokuwa mimi na Papa, na ikagusa fimbo ya pili. Sauti ilikuwa ndogo, kama kijiko kwenye glasi. Zikazunguka tena na kugusana tena, na safari hii kwenye chuma kile kinachong'aa kikabaki mkwaruzo mrefu kama kidole.

Papa alipanda ngazi na tai yake. Alisimamisha fimbo, akaweka kidole chini, akafumba macho mbele ya watu wote wale. Akafungua kisanduku na kutazama ndani kwa muda mrefu, na hakukuwa na kitu cha kumwambia zilipaswa kuwa ngapi. Aliposhuka uso wake ulikuwa umepoa kabisa. Alimwambia Heike kwa Kifaransa, taratibu, "Ni mkono wangu."

Nilingoja Heike apige kelele. Badala yake alimwekea mkono mgongoni, katikati ya mabega, na akauacha pale mbele ya wageni wake wa kutoka Ujerumani, ambao walikuwa wameanza kutazama saa. Nilimchukia zaidi kwa ajili ya mkono ule kuliko kwa ajili ya firigisi. Na wakati huo huo nilijificha nyuma ya Maman, kwa sababu nilikuwa nimeuona uso wa Papa.

Hakufukuzwa. Aliacha mwenyewe. Heike alikuja kwetu mara mbili, akapanda ghorofa saba kwa ngazi kwa kuwa lifti ilikuwa imekufa, akakaa mezani akimbembeleza. Mara ya pili alikuja na lile daftari la miraba, akamwonyesha ule ukurasa mtupu, akasema kosa ni lake, angepaswa kusisitiza. Papa akamjibu kwamba hakuna cha kuandika. Alipoondoka Maman akamwuliza juu ya nini anafanya roho ngumu vile, mtu anamheshimu, kazi iko.

"Kule Bukavu," Papa akasema, "fundi akikosesha mizani ya muntu mbele ya bantu, anafunga duka. Njo vile. Baba yangu angefunga. Na mimi nafunga."

"Hatuko Bukavu."

"Mikono iko ya Bukavu," akasema Papa, na mazungumzo yakaishia hapo.

Akarudi kusafisha ofisi za Gare du Nord. Akarudi pia langoni pa shule, Jumatano, mikono nyuma, kofia ya sufi. Nilikuwa nimepata nilichokitaka, chote, bila kupunguzwa. Tulifika nyumbani, nikatoa henga na vikopo, na Papa akasema anaumwa na kichwa. Juma lililofuata akasema hivyo hivyo. Mpini wa sufuria ulipolegea, alimwambia Maman amtafute mtu. Chai alianza kumimina kwa mikono miwili, akiitazama kama mgeni anayeogopa kuchafua kitambaa. Alikaa na mimi kuanzia saa sita mchana mpaka jioni, mikono ameikalia, na tukatazama televisheni. Niliwahi kumwomba Mungu kanisani arudishe ile nati, nikiwa nimefumba macho kabisa, lakini sikumwomba ujasiri wa kusema.

Heike, kwa upande wake, alipaa. Sanamu ile wale Wajerumani hawakuichukua. Alirudi kwenye mota, safari hii mota ndogo zisizo na sauti, zinazoongozwa na kompyuta, na vitu vyake havikuyumba tena. Vikasimamishwa mbele ya benki, ndani ya kiwanja cha ndege, kwenye majumba ya makumbusho ya nchi ambazo sijafika. Nilikuwa nikimwona kwenye magazeti ya bure ya metro, na kila mara nilihesabu watu waliosimama naye pichani. Hata alipokuwa hana Papa nilimwonea wivu, kwa sababu alikuwa na kazi iliyokwenda mbele, na sisi tulibaki na baba aliyesimama.

Mwaka huu wamemfanyia maonyesho ya kazi za maisha yake yote. Nilikwenda peke yangu, sikumwambia mtu. Nilipita magurudumu ya baiskeli, nikapita fimbo za mwanzo, nikafika kwenye ukuta wenye maandishi makubwa. Mtaalamu mmoja ameeleza kwamba kufikia hapa msanii aliuacha upepo, na kwamba uamuzi huo ni tafakari nzito juu ya kupotea kwa imani ya mwanadamu katika maumbile. Nilisoma mara mbili. Nilitaka kucheka na nikashindwa. Mama mmoja aliyekuwa pembeni akaniuliza kama najisikia vibaya, nikamwambia ni joto. Karibu na mlango kulikuwa na picha ndogo ya ghala, Heike juu ya ngazi, na chini yake mwanamume ameweka kidole chini ya fimbo, macho amefumba, uso umejaa amani ambayo mimi sikuwahi kumpa. Chini wameandika jina lake, majina yote matatu.

Nilitoka pale nikaenda moja kwa moja Berchem, wanakoishi wazazi wangu sasa. Ilikuwa mchana. Maman alikuwa jikoni, Papa sebuleni karibu na dirisha, ameweka mikono yake magotini. Nilikaa kwenye kochi bila kuvua koti.

"Papa, niko na kintu ya kukuambia. Ya zamani."

"Sema, Mama."

"Ile Jumatano mbele ya exposition, njo mimi nilifungua kisanduku. Nilitoa écrou moja. Nikaitupa mu canal."

Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira, nilikuwa nimejiandaa hata kwa machozi. Papa aliinua mikono yake kutoka magotini, akaigeuza, akaiangalia upande wa viganja, kisha upande wa nyuma.

"Ulitoa ngapi?"

"Moja, Papa."

"Ya kubwa ao ya kidogo?"

"Ya kidogo."

"Ya gauche, ya kushoto?"

"Ya gauche."

Alifumba macho. Niliona midomo yake ikitembea. Kidole chake cha shahada kiliinuka hewani, kikasimama chini ya kitu ambacho hakikuwepo, kikashuka kidogo sana, kadiri ile ile niliyoiona siku ile.

"Donc mikono yangu haikukosa," akasema.

"Haikukosa, Papa. Samahani. Nilikuwa nataka kukuambia, kila mwaka nilikuwa nataka..."

Hakunisikia. Alikuwa ameshasimama. Alichukua simu na kubonyeza namba kwa kidole kimoja, bila miwani, bila kuitafuta popote, namba ya ghala, ingawa miaka yote hii sikuwahi kumwona akiipiga. Ikaita sana. Kisha akasema, "Heike? Ni mimi," na akaanza kumweleza kwa Kifaransa chao kile kibovu, haraka, sauti ikiwa juu, akiniacha kwenye kochi na kunipa kisogo, mkono mmoja ukimchorea dirishani fimbo ya kushoto kana kwamba Heike angeweza kuuona. Alicheka. Sijui mara ya mwisho nilimsikia lini akicheka vile. Maman alitokea mlangoni na taulo mkononi, akauliza kwa macho. Nikamwambia ni Heike.

Na mimi, mtu mzima mwenye watoto wawili, niliyekuja kutubu, nikaona wivu. Sikujali tena kama atanisamehe. Nilichotaka ni aniulize kwa nini nilifanya vile, na hilo ndilo peke yake ambalo hakuliuliza. Alikuwa na furaha na mikono yake na Heike alikuwa na furaha naye, na mimi nilikuwa tena nimekaa juu ya kitu pembeni.

Papa akasikiliza. Akafunika simu kwa kiganja.

"Mama," akasema, bado ametazama nje. "Heike anauliza, ulikuwa unataka nini?"

"Weye," nikasema.

Alirudisha simu sikioni. "Anasema alikuwa ananitaka mimi," akamtafsiria, na katikati ya kulisema sauti ikamkatika. Akageuka kutoka dirishani na kunitazama, na akaendelea kunitazama, simu ikiwa imeshuka mkononi, Heike akisubiri upande wa pili.